Popoo na Afya ya Mwili

Mazungumzo kwa Wakaaji wa Thika na Ruiru

(Haya ndiyo maneno kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wakaaji wa miji ya Thika na Ruiru. Tumeyachapa yote ili wale wasiopata nafasi ya kuyasikia wayasome, na wale waliyoyasikia wayakumbuke.)



Leo nataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo sana, kitu ambacho mtu aweza kukificha ndani ya shavu lake na jirani yake asitambue. Kitu hicho ni popoo. Watu wa pwani waijua kwa jina hilo. Huku bara wengi huinunua kwa jina la Kihindi, yaani supari, au huila ikiwa ndani ya paan. Tena wako wanaoitafuna bila kujua kwamba ni popoo, maana imesagwa na kutiwa katika vipakiti vidogo vyenye rangi za kupendeza, pamoja na manukato na vitu vitamu, na mara nyingi pamoja na tumbaku. Mwenye kuviuza husema kwamba ni vitu vya kutia kinywa harufu njema tu.

Watu wengi wamekwisha kusikia kwamba popoo huharibu meno na kinywa. Maneno hayo ni kweli, nami nitayaeleza. Lakini neno kubwa ninalotaka mlichukue nyumbani ni hili: madhara ya popoo hayaishii kinywani. Huingia katika damu, huvuruga namna mwili unavyotumia chakula, na hudhoofisha ile nguvu ambayo Mungu ameuwekea mwili ili upigane na maradhi.

ASILI YA POPOO

Popoo ni tunda la mpopoo, mti wa jamaa moja na mnazi na mtende. Asili yake ni nchi za kusini na mashariki ya Asia, lakini kwa muda mrefu umepandwa Unguja na Pemba pia. Kokwa yake ni ngumu, nayo hukatwa vipande vyembamba. Kwa desturi vipande hivyo huwekwa juu ya jani la tambuu lililopakwa chokaa, pamoja na katu, na wengine huongeza tumbaku. Mchanganyiko huo wote ndio ulioitwa uraibu katika Kiswahili cha zamani, nao ulitunzwa katika kisanduku kidogo kiitwacho kijaluba. Siku hizi neno hilo la uraibu limepata maana nyingine: tunalitumia kwa mazoea ya ulevi ambayo mtu hawezi kuyaacha kwa urahisi. Basi lugha yenyewe imetoa ushahidi kabla ya madaktari.

Nataka ieleweke kwamba sikuja hapa kuitukana desturi ya mtu yeyote. Tambuu ilikuwa heshima ya mgeni. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani yenye majani ya tambuu na popoo, kwa kuwa ndivyo walivyokaribishwa watu wa heshima. Baadaye reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Thika mwaka 1913, wenye maduka waliifuata, na wale waliotoka India walikuja na mila zao za chakula na za tambuu.

Lakini desturi ile ya zamani na mazoea ya sasa si kitu kimoja. Zamani mtu mzima alitafuna baada ya chakula, akiwa ameketi na wenzake, na kutengeneza tambuu moja kulihitaji muda. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya India vilianza kutengeneza popoo iliyokaushwa, kusagwa na kutiwa katika vipakiti. Kipakiti hakina jani wala matayarisho. Kijana hukirarua, hukimimina kinywani, na baada ya saa moja hurarua kingine. Dereva wa usiku, utingo, mfanyakazi wa zamu kiwandani, wote waweza kuvutwa na kitu kiondoacho usingizi na njaa kwa fedha kidogo. Kwa namna hiyo mwili hupokea popoo nyingi zaidi, tena tangu umri mdogo zaidi. Inakadiriwa kwamba watu kama milioni 600 duniani hutafuna popoo kwa namna moja au nyingine.

USHAHIDI ULIOTOKA KENYA

Labda mtu atasema, "Mambo haya ni ya India na ya Asia; sisi yatuhusu nini?" Basi na asikilize. Mwaka 1952 daktari mmoja aitwaye Schwartz alieleza habari za wanawake watano wa Kihindi waliokuwa wakikaa Kenya. Wanawake hao walikuwa na ugonjwa ambao vitabu vya udaktari vya wakati ule havikuwa na jina lake. Nyama laini ya ndani ya kinywa ilikauka, ikapoteza rangi yake, ikawa ngumu, hata mdomo ukashindwa kufunguka vizuri. Daktari yule aliupa ugonjwa huo jina la Kilatini ambalo ndani yake lilikuwamo neno lenye maana kwamba chanzo chake hakijulikani. Mwaka uliofuata, yaani 1953, daktari Joshi wa India aliueleza tena kwa jina lililokaribia lile linalotumika sasa.

Hivi leo chanzo chajulikana. Ni popoo. Ndani yake imo dawa iitwayo arekolini, ambayo huzichochea chembe za nyama ya kinywa zitengeneze nyuzi nyingi kupita kiasi. Tena popoo ina shaba nyingi, na shaba hiyo husaidia nyuzi hizo kushikamana zisivunjike. Ninyi watu wa Thika mmeona mashamba ya katani, nanyi mwajua ugumu wa nyuzi zake. Basi fikirini nyuzi kama hizo ndani ya shavu la mtu. Mwanzoni mgonjwa huona pilipili inamwunguza kuliko zamani. Baadaye hawezi kupuliza moto, wala kupiga mluzi, wala kutoa ulimi wake vizuri. Mwisho hata tonge la ugali ni taabu kuliingiza.

Ugonjwa huo ukikomaa hauna dawa ya kuuondoa kabisa. Na ubaya wake mwingine ni kwamba waweza kugeuka saratani. Huko kusini ya India wagonjwa 66 waliangaliwa katika uchunguzi uliodumu miaka 17. Watano kati yao walipata saratani ya kinywa. Mwaka 1985 Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Saratani, lililoko Lyon nchini Ufaransa, lilitangaza kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani. Wengi wakajifariji wakisema kwamba kosa ni la tumbaku peke yake. Lakini mwaka 2003 wataalamu wa shirika hilo walikutana tena wakayapima mambo yote upya, wakaamua kwamba tambuu isiyo na tumbaku pia huleta saratani, na kwamba popoo yenyewe, peke yake, huleta saratani kwa binadamu. Uamuzi huo ulichapishwa mwaka 2004, nao umethibitishwa tena baadaye.

POPOO NA SUKARI YA MWILI

Sasa tuingie ndani ya mwili. Ugali, viazi, wali na ndizi tunazokula hugeuka sukari katika damu. Sukari hiyo ndiyo moto wa mwili, ila haiwezi kuingia katika nyama bila ya kufunguliwa mlango. Mwenye kufungua mlango ni insulini, itengenezwayo na kongosho. Insulini ikipungua, au nyama ikikataa kuitii, sukari hubaki katika damu, na hapo ndipo mtu huambiwa ana kisukari. Macho, figo, mishipa ya moyo na nyayo za miguu huharibika polepole bila kelele.

Popoo inaingiaje katika habari hii? Mwaka 1994 wataalamu wa London walichapa habari za panya waliolishwa popoo. Baadhi ya panya hao miili yao ilishindwa kuitawala sukari vizuri. Jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba baadhi ya watoto wa panya hao, na wajukuu pia, walionekana na shida ile ile ingawa wao wenyewe hawakulishwa popoo hata siku moja.

Panya si mtu, hiyo ni kweli. Lakini huko Taiwan, ambako popoo hutafunwa sana, watu wengi walipimwa katika mji wa Keelung. Mwaka 2004 ilionekana kwamba wanaume watafunao popoo hupatwa na kisukari zaidi kuliko wasiotafuna, na kadiri mtu alivyotafuna zaidi na kwa miaka mingi zaidi, ndivyo hatari yake ilivyozidi. Mwaka 2006 uchunguzi mwingine wa mji huo huo ulionyesha kwamba watoto wa baba aliyetafuna popoo kabla hawajazaliwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mapema ule mkusanyiko wa mambo mabaya: tumbo kubwa, shinikizo la damu, mafuta mabaya na sukari nyingi katika damu. Basi kijana anayesema, "Mwili ni wangu mwenyewe," na aulizwe kama na miili ya watoto wake ni yake pia.

Yako mambo mawili hapa ambayo huwadanganya watu. La kwanza ni njaa. Popoo huituliza njaa, na kwa hiyo mtu hudhani itampunguza mwili. Lakini wapimaji wameona kinyume chake: watafunao popoo mara nyingi huwa na kiuno kipana zaidi na mafuta mengi tumboni. Katika maabara imeonekana pia kwamba maji ya popoo huzizuia chembe za mafuta zisiweze kuipokea sukari kama ipasavyo. Kwa hiyo mtu hukosa hamu ya chakula kizuri saa za kazi, na huku hesabu ya ndani ya mwili wake inakwenda kombo.

La pili ni ule uchangamfu. Arekolini huigusa mishipa ya fahamu inayoendesha moyo, jasho na mate. Ndiyo sababu mtafunaji huona joto, uso humwiva, moyo humpiga mbio na mate humjaa. Yeye husema amepata nguvu. Nguvu hiyo si chakula. Ni kama mtu apigaye mjeledi punda aliyechoka. Na chokaa itiwayo katika tambuu huifanya dawa hiyo ipenye upesi zaidi, na huku ikiuchoma utando wa kinywa.

ASKARI WA MWILI

Ninyi mkaao Ruiru mwafahamu maana ya kinga kuliko watu wengi. Wataalamu wa kahawa walifanya kazi miaka mingi katika kituo chao cha Ruiru, na mwaka 1985 wakatoa mkahawa uitwao Ruiru 11, ulio na nguvu ya kushindana na ugonjwa uozeshao matunda ya kahawa na kutu ya majani. Mkulima aliyepanda mkahawa huo hakuondoa vijidudu shambani. Vijidudu bado vipo. Alilopata ni mti wenye kinga. Mwili wa binadamu ni vivyo hivyo. Vijidudu tunavivuta kwa hewa na kuvimeza kwa maji kila siku, lakini kwa kuwa mwili una askari, hatuugui kila siku.

Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Ziko ambazo kazi yao ni kumeza vijidudu na kuviua. Wataalamu wa Taiwan walizitia chembe za namna hiyo katika maji ya popoo, wakaona kwamba uwezo wake wa kumeza na kuua vijidudu ulipungua. Ziko chembe nyingine ambazo kazi yao ni kumtambua adui na kuwaita wenzao kwa kutoa ishara. Nazo zilipowekewa arekolini katika maabara zilitoa ishara hafifu. Basi si ajabu kuona fizi za mtafunaji zimevimba, zinatoa damu, na meno yake yanalegea: mlango wa mwili umeachwa na walinzi waliolala.

Na huku askari wengine wanalala, wengine hupiga kelele bila ya sababu. Katika mji wa Karachi, nchini Pakistan, damu ya watafunao popoo ilipimwa mwaka 2012, ikaonekana ina alama za uvimbe wa ndani zaidi kuliko ya wasiotafuna. Uvimbe huo hauonekani kwa macho wala hauumi, lakini ukidumu miaka mingi huiharibu mishipa ya damu na kuuandalia njia ugonjwa wa moyo na kisukari.

Liko na jambo la vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Twaihitaji kwa mifupa, kwa kazi ya insulini, na kwa wale askari wa mwili pia. Mwaka 2006 huko London iligunduliwa kwamba watu wenye asili ya Bangladesh waliotafuna tambuu walikuwa na vitamini hiyo kidogo zaidi, kwa sababu miili yao ilikuwa ikiiharibu upesi. Hapo mwaona jinsi habari ya sukari na habari ya kinga zinavyokutana.

Zinakutana tena mahali pengine ambapo ni karibu nasi zaidi. Mtu mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupata kifua kikuu kama mara tatu kuliko mtu asiye na kisukari. Katika miji yetu, ambamo watu wengi hukaa pamoja katika vyumba vidogo na kusafiri pamoja katika magari yaliyofungwa madirisha, kila kitu kiletacho kisukari humfungulia mlango kifua kikuu. Na mwenye ugonjwa wa pumu na ajihadhari kwa namna yake: arekolini huweza kuzibana njia za pumzi.

AKINA MAMA NA WATOTO

Nanyi akina mama, sikilizeni. Wako wanaotafuna popoo wakiwa na mimba ili kuondoa kichefuchefu. Dawa iliyomo hupita hata kwa mtoto. Huko Taiwan na Papua New Guinea imeonekana kwamba mama atafunaye popoo aweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto aliyezaliwa mwepesi huanza safari ya maisha akiwa nyuma ya wenzake. Kwa hiyo mama mjamzito asiionje kabisa, na mwenye kuona kichefuchefu na aende kwa mkunga au daktari.

MANENO YA WABISHI

Mzee mmoja ataniambia, "Bibi yangu alitafuna tambuu mpaka alipofika miaka themanini." Nami sitambishia. Wako pia waliovuka barabara kuu ya Thika bila kutazama wakafika ng'ambo salama, lakini hakuna baba awafundishaye watoto wake kuvuka hivyo. Hatari haihesabiwi kwa mtu mmoja aliyeokoka. Yahesabiwa kwa watu wote waliopita njia hiyo.

Mwingine atasema, "Nitaacha nitakapotaka." Hilo ni neno la kila mwenye uraibu. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba arekolini huzigusa sehemu zile zile za ubongo zinazoguswa na tumbaku. Ndiyo sababu anayeacha huona hasira, kukosa usingizi na hamu kubwa. Taabu hiyo hupungua siku zinavyopita. Yafaa aijue mapema, asije akashindwa siku ya tatu akidhani ameugua.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, jipime. Panga vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Visipoingia, au kinywa kikiunguzwa na chakula kisicho kikali, au ukiona doa jeupe au jekundu au kidonda kisichopona kwa majuma mawili, nenda kwa daktari wa meno. Usingoje maumivu.

Pili, kama umetafuna kwa miaka, mwombe mganga akupime sukari ya damu na shinikizo la damu, nawe mwambie wazi kwamba watafuna popoo. Asipoambiwa huenda asiulize. Mwenye kisukari tayari na aache leo, maana anachotafuna kinapingana na dawa anazomeza.

Tatu, soma maandishi ya kipakiti kabla ya kukinunua. Ukiona neno supari, au areca, au betel nut, basi hiyo ni popoo, hata kama pametajwa iliki na waridi. Wala usiache popoo ukaingia katika sigara au ugoro. Huko si kuacha, ni kuhama nyumba inayoungua na kuingia nyingine inayoungua.

Nne, wenye maduka na vibanda, hasa walio karibu na shule na vituo vya magari, wasiwauzie watoto vitu hivi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku yakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, na vipakiti vingi vya namna hii vina tumbaku ndani yake. Hata India, ambako vipakiti hivi hutengenezwa, majimbo yalianza mwaka 2012 kupiga marufuku popoo iliyochanganywa na tumbaku.

Tano, wazazi na wasimamizi wa kazi wasimfukuze wala kumwaibisha kijana aliyekwisha kuingia katika mazoea haya. Wamsaidie. Kijana akiambiwa ukweli mapema, nyama ya kinywa chake ikiwa bado laini, anayo nafasi kubwa ya kuokoka. Akifichwa, ataujua ukweli siku ambayo kijiko hakiingii tena kinywani.

 Mwenye swali na aulize sasa mbele ya wote, na mwenye haya na aningoje nje. Wala asiondoke mtu mwenye kidonda kinywani bila ya kujua ataonana na daktari siku gani.